Rivasi ya Matroni

Ukimwuliza Matroni kwa nini mjane wa umri wake, mwenye nyumba yake ya matofali pale Carrollton, alikwenda kununua trela la kulala, naye atakuuliza kwa nini wewe ulinunua sofa. Ukimjibu kwamba sofa ni ya kukalia, atasema, "Hata hili ni la kukalia. Tofauti ni kwamba langu linatembea." Kisha atakugeuzia mgongo aendelee na shughuli zake. Mimi niliuliza mara moja, ikatosha.

Nimekuwa naye karibu miaka mingi, hata sikumbuki tulijuana vipi. Lazima ilikuwa msibani, maana sisi wa huku Texas tunajuana misibani na kwenye mahafali ya watoto. Alikuwa muuguzi mkuu wa zamu kwenye wodi ya wazee, na cheo kikageuka jina. Wakenya wenzake walimwita Matroni, sisi Watanzania tukadaka, Wakongo wakafuata. Watoto wetu waliozaliwa huku wanadhani ndilo jina alilopewa na mama yake. Lile la kwenye leseni ya udereva sitaliandika, na hata ukimwita kwa hilo hageuki.

Mimi mtu wa Tanga, na kwetu mkubwa haamkiwi "mambo vipi". Kwa hiyo tangu mwanzo nilimpa shikamoo yake. Aliitikia marahaba kwa sauti ya chini, mdomo kaubana, kisha akaninong'oneza, "Mdogo wangu, unanizeesha mbele ya watu." Basi nikasema isiwe taabu. Siku iliyofuata nikamsalimia "habari yako" kama wanavyofanya wenzake. Alininunia mpaka jioni, halafu akaja kuniuliza, "Leo shikamoo yangu umempa nani?" Ndivyo alivyo. Hataki kuzeeshwa na hataki kunyimwa heshima ya uzee, na hayo mawili utajua mwenyewe utakavyoyapatanisha.

Ziwa analolipenda si ziwa la Mungu, ni bwawa. Walizamisha bonde zima, na miti iliyokufa zamani bado imesimama majini, mikavu, myeupe, ndege wakubwa wametua juu yake. Liko ndani ya hifadhi ya jimbo, katikati ya Dallas na Houston. Yeye akitoka Carrollton anashuka kusini, mwanawe na wajukuu wakitoka Katy wanapanda kaskazini, wanakutana hapo. Alilichagua kwa sababu hiyo hasa. "Nikienda kwao Katy, mimi ni mgeni," aliniambia. "Wakija kwangu, wao ni wageni. Hapa sisi wote ni wageni, kwa hivyo kila mtu ataosha sahani yake."

Sasa sikilizeni maajabu. Mwanamke huyu anaogopa maji. Hajui kuogelea, hajawahi kutia mguu kwenye boti, na akiona mtoto anakaribia ukingo huita kwa sauti ile ya wodini, mtoto akaganda. Samaki mwenyewe hali. Anasema samaki ana miiba mingi kuliko nyama. Lakini mpe fimbo yake ya kuvulia na kiti chake cha turubai, atakaa pale ukingoni tangu chai ya asubuhi mpaka jua la utosini, na kambare wa bwawa lile wanamjua. Akimtoa mmoja humwambia "pole, baba" kabla ya kumchomoa ndoana. Sisi tunakaanga, tunakula, yeye anakula ugali na sukuma wiki huku anatutazama kwa furaha.

Chambo chake ni ugali. Anauchukua wa jana, ule mgumu, anaukanda na kitunguu saumu na maini ya kuku mpaka unanuka vibaya, kisha anaufinyanga tonge dogo dogo. Jirani yetu wa kambini, mzee wa Kizungu asiyekosa hapo kila msimu, mwenye boti ya kumetameta na kila aina ya chambo cha dukani, alivumilia asubuhi nzima akimwona Matroni anavuta kambare baada ya kambare. Mwishowe akavua kofia, akaja kuuliza kile kitu kinauzwa duka gani. "Mwambie kinauzwa jikoni," Matroni akaniagiza nimtafsirie, na Kiingereza chake ni kizuri kuliko changu. Halafu akamfungia mzee tonge kadhaa kwenye karatasi ya foili, akampa. Shikeni habari ya mzee huyo, nitamrudia.

Ni mlokole wa kweli, wa kufunga na kukesha, na mjini ndiye anayekagua nani hakuonekana kanisani. Akiwa bwawani, Jumapili inampita amekaa na fimbo yake. Nilimchokoza siku moja, nikamwambia nitamshtaki kwa mchungaji. Akanijibu bila kunitazama, "Wanafunzi wa Yesu walikuwa wavuvi. Walikutwa kazini." Mimi Mwislamu, ningebisha nini?

Na kwa habari ya dini, safari yetu ya kwanza nilikuwa nimejiandaa kula matunda na mkate, maana sikutaka kumsumbua mtu. Nikakuta kikaango kipya kimefungwa uzi wa buluu kwenye mpini. "Hicho ni chenu," alisema. "Nguruwe hajakijua na hatakijua." Kuku naye alikuwa amemfuata kwenye bucha ya halali, upande mwingine kabisa wa mji. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nilimpenda tangu siku ile, na nampenda mpaka leo.

Kuna jambo la choo pia, mniwie radhi. Choo cha trela kina tangi lake, na kabla ya kuondoka kambini lazima tangi limwagwe. Nimewaona wanaume wazima, ikifika saa hiyo, wakikumbuka ghafla kwamba wana simu ya kupiga. Matroni anavaa glavu, anafunga bomba nene, anavuta kishikio, huku anakusimulia habari za harusi ya mtu. Mume wangu alijitolea kumsaidia mara moja, akarudi uso umemsawajika. "Pole, shemeji," Matroni alimwambia. "Yote haya tulikula wenyewe."

Alikuwa na neno moja alilolileta kutoka wodini, na alilitumia kwa kila kitu, kwa kamati za harusi, kwa michango ya msiba, kwa watu wanaoingia jikoni kwake kuonja mchuzi. "Mgonjwa mmoja, muuguzi mmoja." Maana yake ni kwamba wakikusanyika wengi juu ya kitanda, kila mmoja na amri yake, mgonjwa ataumia. Tulilicheka neno hilo. Tulikuja kuuona ukweli wake siku ya bomba la maji.

Nieleze kwanza ugonjwa wetu. Mtu wa kwetu hawezi kuona gari linarudi nyuma akabaki ameketi. Haiwezekani. Atasimama, atatupa alichoshika, ataanza kupunga mikono. Iwe Nairobi, iwe Tanga, iwe Lubumbashi, gari likipiga rivasi kila mpita njia anakuwa utingo wa bure. Tumekuja nayo Marekani tabia hii, tumepita nayo forodhani, haikukamatwa.

Vuli iliyopita Matroni aliwasili bwawani na pikapu yake inavuta trela, goti lake likiwa limetoka kwenye upasuaji miezi michache nyuma. Sisi tulikuwa tumetangulia. Alipoanza kurudi nyuma kuingia kwenye nafasi yake, tulinyanyuka wote. Mwanawe mkubwa, mhandisi, kijana mwenye adabu zake, alisimama nyuma ya trela akiita, "Kata, Mum! Kata yote!" Mume wangu upande wa pili, "Kunja kulia, njoo, njoo, bado." Jirani yetu Mkongo alikuwa anaamuru kwa Kifaransa. Mimi mwenyewe nilikuwa napunga kijiko cha pilau. Na katika umati ule wote hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuta trela. Tulikuwa tunamwelekeza kama anayeendesha gari dogo, kumbe trela ni mkaidi. Ukikata usukani kushoto, lenyewe linakwenda kulia. Matroni, kwa heshima yake, akamtii kila mmoja.

Trela likaenda moja kwa moja likaligonga bomba la maji la kambi. Bomba likang'oka, maji yakaruka juu yakashukia jiko langu la mkaa na pilau lililokuwa juu yake. Askari wa hifadhi akaja, mtu mpole, akafunga maji, akaandika anachoandika. Kona ya trela ilibonyea. Hakuna aliyeumia ila pilau.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonikera. Watu walewale waliopunga mikono wakakaa chini, wakaanza kutikisa vichwa. Umri. Goti. Macho. Unajua tena usiku haoni vizuri, na wakati huo ilikuwa saa nane mchana, jua linachoma. Hakuna aliyesema, sisi ndio tuliompoteza. Mwanawe akamsogelea akamwambia kwa upole, na upole ule ndio ulikuwa mbaya zaidi, "Mum, hii kitu tui-sell. Kuna mtu kazini anaitaka. Wewe uhamie kwetu Katy. Chumba kiko tayari."

  Matroni aliingia ndani ya trela, nami nikamfuata, nikamkuta amesimama mbele ya sinki dogo, ameshika kitambaa cha vyombo, hafuti chochote.

"Unajua dirisha la kile chumba cha Katy linaangalia nini?" aliniuliza. "Ukuta wa jirani. Mdogo wangu, mimi nimefanya kazi za usiku miaka yangu yote. Nimeangalia kuta mpaka nikazichoka. Nikalipa shule, nikazika mume, nikaangalia kuta. Hili trela ndilo dirisha langu la kwanza. Sitamalizia maisha yangu kwenye ukuta, hata kama umepakwa rangi na mwanangu."

Nililia, nasema wazi. Yeye hakulia. Alikunja kitambaa, akatoka nje, akamwita mwanawe mbele ya watu wote. Akamwuliza, je, akiweza kuliingiza trela mwenyewe, bila mkono wa mtu, itakuwaje? Kijana akacheka kidogo. Akasema, "Ukiliingiza peke yako, Mum, sitalitaja tena mpaka nife." "Na nikishindwa?" "Tunauza, unakuja Katy." Matroni akanyoosha mkono wakapeana. "Pasaka," akasema. "Nafasi ni hii hii."

Wengine waliona ni mzaha. Mzee wa boti hakuona mzaha. Alikuwa ameshuhudia yote kutoka kwenye kambi yake, na jioni ile alikuja na karatasi ile ile ya foili aliyofungiwa chambo safari ya nyuma, tupu, ameikunja vizuri. Akamwambia Matroni jambo moja tu. Usishike usukani juu, ushike chini kabisa, kwa mkono mmoja. Hapo, unakotaka trela liende ndiko unakosogeza mkono. Akavua kofia, akaenda zake. Matroni akabaki anasogeza mkono hewani, kushoto, kulia, anajisemea peke yake.

Majira ya baridi hayo sisi tukahamia Stafford, upande wa Houston, kazi ya mume wangu ikatuvuta. Nilimfuata Matroni kwa simu. Kila Jumamosi asubuhi alikuwa analipeleka trela kwenye maegesho ya kanisa, ambayo siku hiyo yako matupu, anapanga ndoo za plastiki, anajifunza. Alikataa kabisa mtu asimame karibu. Mchungaji mwenyewe alijaribu kuja kupunga mikono, akaombwa arudi ofisini akaandae mahubiri. Jioni ananipigia. "Leo nimeua ndoo tena," ananiambia, na sauti imechoka, na goti linamuuma. Wiki nyingine, "Ndoo moja imejeruhiwa." Mara nyingine hakupiga kabisa, nami nikajua, sikumwuliza. Mwanawe huku nyuma alikuwa ameshanunua pazia za kile chumba. Nilizisikia habari za pazia hizo kwa mkewe, na sikumwambia Matroni. Halafu siku moja, karibu na Kwaresima kwisha, simu ikalia nikasikia anavuta pumzi kwanza. "Mdogo wangu," akasema, "leo ndoo zote ziko hai."

Tuliondoka Stafford alfajiri ya Jumamosi ya Pasaka. Kambini tulikuta watu wamejaa, maana kwetu ukialika familia moja zinakuja tano, na habari ya dau ilikuwa imefika Houston na Fort Worth. Nafasi yenyewe ilikuwa ileile, nyembamba, mwaloni kulia, mwaloni kushoto, na bomba jipya limepakwa rangi ya njano ili hata kipofu alione. Mwanawe alikuwa amevaa shati safi. Hakuwa na kiburi, nitamtendea haki. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri majibu ya daktari.

Pikapu ikatokea kwenye kona. Kabla haijasimama sote tulikuwa tumeshainuka, mikono iko juu.

Matroni akasimamisha gari katikati ya njia, akavuta breki ya mkono, akashuka polepole kwa ajili ya goti. Hakusalimia mtu. Alifungua mlango wa nyuma akatoa gunia la viazi. Akatoa karai la vitunguu. Akatoa visu, akaanza kugawa. Mume wangu, viazi. Mkongo, viazi. Wazee wa kanisa, viazi. Mimi, viazi na sufuria ya kutilia maganda. Mwanawe, karai zima la vitunguu mapajani.

"Kila mwenye mikono atamenya," alisema. "Na atamenya akiwa amekaa. Mgonjwa mmoja, muuguzi mmoja."

Tukakaa. Ungefanya nini, na kisu mkono mmoja na kiazi mkono mwingine? Akalizunguka trela zima kwa miguu, akatazama matawi ya juu, akatazama bomba. Kisha akaivua kofia yake ya majani, akaiweka chini kwenye kokoto, pale alipotaka gurudumu la nyuma lifike. Akapanda garini.

Alianza vibaya. Trela liliingia mshazari, kona ileile iliyobonyea ikielekea mwaloni wa kulia. Nilisikia visu vyote vimenyamaza. Mwanawe akanyanyuka nusu, vitunguu vikaporomoka, "Mum, left, kata le..." Gari likasimama. Honi ikalia mara moja, fupi. Kioo kikashuka.

"Keti," Matroni akasema.

Akaketi. Matroni akavuta mbele, akanyoosha, akaanza upya. Kutoka nilipokaa nilikuwa naona mkono wake mmoja kupitia kioo, uko chini kabisa ya usukani, unasogea kidogo, unatulia, unasogea tena. Hakuwa anatutazama sisi. Alikuwa anatazama vioo vyake vya pembeni, kushoto, kulia, kushoto. Kokoto zilikuwa zinalia chini ya magurudumu. Mimi vidole vyangu vilikuwa vinawasha kupunga, kiazi changu nilikimenya mpaka kikabaki kidogo cha kutupwa. Mjukuu wake mdogo, anayemwita bibi yake Shosho kama watoto wa Kenya, alikuwa anasema chini chini, "Go, Shosho, go, Shosho," mama yake akamziba mdomo. Trela likaupita mwaloni wa kulia. Likaupita wa kushoto. Lile bomba la njano nililiona linapita ubavuni, kati yake na trela ungeweza kupitisha mtu mwenye sahani. Gurudumu likafika kwenye kofia, likagusa ukingo wa majani, likatulia.

Injini ikazimwa.

 Nikapiga vigelegele, vya Tanga, vya harusi, vya kutoka tumboni, na wanawake wote wakadaka. Wanaume wakasimama na visu vyao. Kutoka kambi ya jirani mzee wa boti akavua kofia akaipunga juu. Matroni alibaki garini, mikono miwili sasa kwenye usukani, amefumba macho, anavisikiliza vigelegele vyetu. Niliwahi kumwona akipewa vyeti na wakubwa wa hospitali. Sikuwahi kumwona na uso ule.

Mwanawe ndiye aliyetangulia kusogea.  Alijifuta mikono kwenye shati lake safi, akafungua sanduku la pembeni ya trela, akatoa mpira wa maji, akaenda kuufunga kwenye bomba la njano. Matroni akashuka akamtazama anavyofunga.

"Usikaze sana," akamwambia.

"Sawa, Mum." Akalegeza kidogo. Kisha, bado ameinama, akauliza, "Na mwezi wa sita utakuja tena?"

"Mimi nitakuja. Nyinyi ombeni nafasi mapema, huku hujaa."

Akaokota kofia yake, akaikung'uta vumbi kwenye goti lile lililopasuliwa, akaivaa. Akaja kwangu anachechemea. Nikaweka kisu chini, nikainuka, nikashika mkono wake kwa mikono yangu miwili mbele ya watu wote.

"Shikamoo, Matroni."

Nilisubiri aninong'oneze. Hakuninong'oneza. "Marahaba," aliitikia, kwa sauti ile ya wodini, mpaka mzee wa boti akageuka, na watoto waliokuwa ukingoni wakaganda. Halafu akachungulia sufuria yangu, akauliza ni nani aliyemharibia viazi.